Kulea Mtoto Mchanga Asiyeona au Mwenye Uoni Hafifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na wazazi kwenye mabenchi ya kliniki za macho, katika simu za usiku na katika vikao vya familia zenye watoto wasioona, na mengi yameulizwa kwa maneno yaleyale na watu wasiofahamiana. Ninayajibu kama mama wa mtoto asiyeona, pamoja na kikundi chetu cha wazazi. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, na pale utaratibu wa Kenya unapotofautiana tumeueleza kando. Jambo moja linarudi karibu katika kila jibu: msaada wa mtoto asiyeona huanza wiki anayogunduliwa, si mwaka anaofikia umri wa shule. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka ambayo hakuna ofisi itakayokupigia simu, na ni familia yenyewe inayolazimika kubisha hodi.

## Dalili na hatua za mwanzo

1. Mtoto wangu ana miezi 2 na haniangalii usoni. Je, haoni, au bado ni mapema?

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huanza kutuliza macho usoni mwa anayemnyonyesha anapokaribia wiki ya 6, na akifika miezi 3 anapaswa kufuata kwa macho uso au kitu kinachosogea taratibu mbele yake. Kabla ya hapo macho yanaweza kwenda kombo mara mojamoja, na makengeza ya kupita ya namna hiyo hayana neno iwapo yanatoweka kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kwa mtoto njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa.

Unaweza kumjaribu nyumbani mahali penye mwanga wa kutosha, akiwa ameshiba na yu macho. Weka uso wako karibu naye, umbali unaolingana na urefu kutoka kiganja hadi kiwiko chako, kisha usogeze polepole kulia na kushoto bila kutoa sauti. Usimpungie mkono karibu na macho, kwa maana atapepesa kwa sababu ya upepo nawe utadhani ameona. Wala usitikise funguo, kwa sababu atageukia mlio. Asipokufuata, mpeleke akapimwe hata kama majirani wanasema watoto hutofautiana. Ni kweli wanatofautiana, lakini kumpima hakumpunguzii chochote.

2. Ni dalili zipi zisizoruhusu kusubiri?

Ya kwanza ni weupe ndani ya mboni. Mara nyingi wazazi huuona katika picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, ambapo jicho moja linatoka jekundu na jingine jeupe au la manjano. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha; saratani hiyo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na ikicheleweshwa inachukua uhai. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao huhitaji upasuaji katika wiki za mwanzo, ikiwezekana kabla ya wiki ya 8 hivi, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika kipindi hicho, na jicho lililofunikwa kwa muda mrefu haliwezi kurudishiwa uwezo wote hata likisafishwa vizuri baadaye.

Ya pili ni macho makubwa kupita kawaida, yenye ukungu, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga. Watu husifu macho ya namna hiyo kuwa ni mazuri, kumbe inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Ya tatu ni usaha na uvimbe wa macho katika siku 28 za mwanzo, ambao unaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Ya nne ni macho yanayocheza bila kutulia, na makengeza ya kudumu katika umri wowote. Kwa dalili hizi nenda leo, na ukifika usikubali kupangiwa tarehe ya mwezi ujao kabla daktari hajamwangalia mtoto.

3. Zahanati yetu haina daktari wa macho. Nianzie wapi?

Anzia hapohapo zahanati au kliniki ya mama na mtoto, uombe barua ya rufaa, kwa sababu barua hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa hospitali ya wilaya na ya mkoa. Hospitali nyingi za mikoa zina wataalamu wa macho, lakini upasuaji wa macho ya mtoto mchanga unahitaji dawa ya usingizi na timu iliyozoea watoto, kwa hiyo wengi huishia hospitali kubwa. Kwa Tanzania, zinazotajwa zaidi na wazazi ni CCBRT na Muhimbili jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi; familia za Kanda ya Ziwa huanzia Bugando, na za Unguja huanzia Mnazi Mmoja. Kwa Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, Sabatia iliyoko Vihiga na Kituo cha Macho cha Kwale.

Sera ya afya ya Tanzania inamsamehe mtoto aliye chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Hata hivyo nauli, malazi na miwani hubaki mfukoni mwa mzazi, na ndiyo yanayowarudisha wengi nyumbani kabla ya matibabu kwisha. Tazama swali la 14 kuhusu fedha.

4. Mtoto wangu alizaliwa njiti na akakaa kwenye oksijeni. Je, macho yake yako hatarini?

Ndiyo, yanahitaji kuangaliwa. Mishipa ya damu ya retina humalizika kukua katika wiki za mwisho za ujauzito. Mtoto anapotoka mapema, tena akapewa oksijeni nyingi isiyopimwa, mishipa hiyo inaweza kukua vibaya na kuivuta retina mpaka ibanduke. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye uzito chini ya gramu 1,500. Kipimo cha kwanza hufanyika takribani wiki 4 baada ya kuzaliwa, na mara nyingi tarehe hiyo huwakuta mama na mtoto wameshatoka wodini. Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa uliza ni siku gani na ni nani atakayemwangalia macho, kisha hakikisha imeandikwa kwenye kadi. Ugonjwa huu ukikutwa mapema huzuilika. Retina ikishabanduka, kazi ni ngumu mno.

## Baada ya majibu ya daktari

5. Daktari amesema hakuna dawa. Tunarudi nyumbani tukafanye nini?

Kauli hiyo ina maana kwamba dawa na kisu vimefika mwisho wake. Haina maana kwamba msaada umekwisha, ingawa hivyo ndivyo mzazi anavyoisikia. Mimi mwenyewe niliambiwa katika hospitali moja niende nyumbani nimlee tu mwanangu mpaka afikishe miaka 7, ndipo nitafute shule. Nilitii kwa miezi 11, na katika miezi hiyo alilazwa chali kitandani kwa sababu sikujua kuwa kuna namna nyingine.

Kabla hujatoka chumbani kwa daktari, omba jina la tatizo liandikwe kwa herufi zinazosomeka. Uliza kama mtoto anaona mwanga, vivuli au rangi, kwa kuwa kila kiasi kilichobaki kina kazi. Uliza kama miwani au kliniki ya uoni hafifu itamfaa, na atapimwa tena lini. Kisha omba rufaa ya huduma za utengamao, yaani wataalamu wanaofundisha familia jinsi ya kumkuza mtoto mwenye ulemavu. CCBRT inatoa huduma za namna hiyo, na mahali pengine kuna miradi ya utengamao katika jamii ambayo wahudumu wake humfuata mtoto nyumbani.

6. Kuna tofauti gani kati ya kutoona na uoni hafifu?

Asiyeona kabisa hatambui hata mwanga, na watoto wa namna hiyo ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Mwenye uoni hafifu anaona, ila hata akivaa miwani sahihi au akifanyiwa upasuaji haoni vya kutosha kwa shughuli za kawaida. Tofauti hii ni ya maana kwa sababu mtoto mwenye uoni hafifu anayelelewa kama asiyeona kabisa hupoteza nafasi ya kujifunza kulitumia jicho lake, na anayelelewa kama anayeona vizuri huitwa mzembe na mwenye kujikwaa ovyo.

7. Tumwite kipofu au asiyeona?

Neno kipofu ni la siku nyingi na si tusi lenyewe, lakini vyama vya wasioona hupendelea asiyeona na mwenye uoni hafifu. Ndani ya nyumba, aitwe jina lake. Mtoto husikia mapema sana anavyotambulishwa kwa wageni.

8. Kosa ni la nani? Mama mkwe anasema nimelogwa.

Sababu nyingi zinajulikana, na karibu zote hazina mtu wa kulaumiwa. Ziko za kurithi, ambazo huweza kubebwa na baba na mama wote wawili bila wao kujua, na uwezekano wake huongezeka pale wazazi wanapokuwa ndugu wa damu kama mabinamu. Iko rubela, homa ndogo yenye vipele ambayo mama huipata katika miezi ya mwanzo ya ujauzito na pengine asiikumbuke, nayo huweza kuharibu macho, masikio na moyo wa mtoto. Chanjo ya surua na rubela iliingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014 na ya Kenya mwaka 2016. Kuna kuchoka wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, kuna unjiti, na kuna homa ya uti wa mgongo.

Mama mkwe huyo asiachwe nje ya mambo. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba bibi aliyekuwa akitaja uchawi hubadilika siku anayokaa mwenyewe mbele ya daktari na kuonyeshwa picha ya jicho. Mchukueni mwende naye kliniki, baba pia, kwa maana mama anayerudi peke yake na habari hiyo hulazimika kuitetea kama kesi.

9. Tumeshauriwa kumtia dawa ya majani, au maziwa ya mama, machoni. Kuna ubaya?

Upo. Majani, mkojo, maji ya sukari na hata maziwa ya mama si safi kwa jicho. Huingiza vijidudu na kuunguza kioo cha jicho, na jicho lililokuwa na uoni kidogo hubaki na kovu jeupe. Kinachomlinda ni chanjo kamili, pamoja na matone ya vitamini A ya kumeza, si ya kutiwa machoni, kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi 6, mpaka afikishe miaka 5.

## Maisha ya nyumbani

10. Ninapomkaribia ananyamaza na kugeuza uso. Je, hanipendi, au akili yake ina shida?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na jibu lake ni la faraja. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akisonga ugali huku mwanawe wa miezi 5 amelazwa kwenye mkeka. Kila mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria, mtoto aliacha kurusha miguu, akatulia kama aliyelala, sikio likaelekea jikoni na uso ukaelekea dirishani. Mama akasema, "Huyu hata hanijali." Tulimwomba atazame vidole badala ya uso. Mwiko ulipogonga, vidole vilifunguka. Ulipokaa kimya, vikajikunja. Ulipogonga tena, vikafunguka tena. Mtoto alikuwa anamsikiliza mama yake kwa mikono.

Mtoto anayeona hutabasamu anapoona tabasamu. Asiyeona hutabasamu kwa sauti anayoijua, kwa kuguswa, kwa kupulizwa tumboni, na hufanya hivyo kwa wakati wake. Kutulia kwake ni usikivu, kwa kuwa akichezacheza hatasikia. Msome mikono, miguu na pumzi kabla ya kumsoma uso.

11. Ni mambo gani ya kufanya naye kila siku?

Zungumza kabla ya kumgusa. Mtoto anayenyanyuliwa ghafla kutoka kwenye giza lake hushtuka, na akishtuka kila siku hujenga woga wa watu. Taja jina lake, sema "nakunyanyua", gusa bega, ngoja kidogo, ndipo umnyanyue. Kila anayemshika awe na alama yake: baba amguse kidevu, bibi amgusishe bangili yake, dada amwimbie wimbo uleule.

Mpe alama za vitu pia. Kabla ya kumwogesha, mgusishe kopo la kuogea na umsikilizishe maji yakimiminwa. Kabla ya kumbeba mgongoni, mwekee mkononi khanga ileile ya mbeleko. Baada ya wiki kadhaa utaona anajiandaa mwenyewe, miguu inakunjuka akiguswa na khanga. Unapotaka kumwonyesha kitu, usimshike kiganja kwa nguvu na kukibandika juu yake. Weka mkono wako chini ya wake, uguse kitu wewe kwanza, naye afuate juu ya mkono wako mpaka ateleze mwenyewe na kukifikia, kwa maana mikono hiyo ni macho yake, na macho hayafumbuliwi kwa nguvu.

Vyombo vya nyumbani vinatosha. Mwalimu Mdenmaki Lilli Nielsen alibuni kichumba kidogo ambamo vitu huning'inizwa karibu na mikono na miguu ya mtoto, visibadilishwe mahali, ili akigonga leo akute kesho palepale. Boksi kubwa la katoni lililokatwa upande mmoja, lenye kijiko, kifuu, rungu la plastiki, kipande cha jamvi na chupa yenye kokoto iliyofungwa barabara, hufanya kazi hiyo. Kaa karibu naye wakati wote, na kamba ziwe fupi kiasi kwamba haziwezi kumzunguka shingo.

Kama ana uoni hafifu, mpe vitu vyenye rangi zinazopingana: mpira mwekundu juu ya shuka jeupe, khanga yenye nyeusi na nyeupe. Mwanga utoke nyuma yake uangukie kitu, na kamwe usimmulikie tochi au simu machoni kwa nia ya kuyaamsha.

12. Ana miezi 10 na hatambai. Akilazwa kifudifudi analia.

Mtoto anayeona huinua kichwa kwa sababu kuna cha kutazama. Asiyeona haoni sababu ya kujitaabisha, na kifua chake hubaki dhaifu. Mlaze kifuani pako ukiwa umejilaza, ongea naye, atainua kichwa kuitafuta sauti. Anzeni kwa dakika 2 mara kadhaa kwa siku. Kuufikia mlio kwa mkono huchelewa pia, mara nyingi mpaka anapokaribia mwaka mmoja, kwa sababu mtoto hana budi kwanza kugundua kwamba kinacholia ni kitu kinachoshikika. Kutembea nako huchelewa. Mwachie miguu mitupu atambue sakafu, mchanga na majani, na usimweke kwenye kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, kwa kuwa kinamwondolea ardhi ambayo ndiyo ramani yake.

Akifikia mwaka mmoja bila kuweza kuketi hata kwa kusaidiwa, mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa maana huenda lipo jambo jingine zaidi ya macho. Tazama pia swali la 19.

13. Anajibonyeza macho, halali usiku, na anatema chakula kigumu. Haya yote ni ya kawaida?

Ni ya kawaida, na kila moja lina njia yake. Kubonyeza macho humpa mwanga wa ndani, lakini baada ya muda huyafanya macho yazame. Usimpige mkono, mpe kazi ya mkono. Usingizi huvurugika hasa kwa wasiotambua mwanga kabisa, kwa sababu saa ya mwili hupangwa na mchana na usiku, hivyo mpangie wewe kwa saa zilezile za kula, kuoga na kutulia, na mtoe nje asubuhi. Kuhusu chakula, mwache atie mkono bakulini. Anayeona ameshautazama uji kabla haujafika kinywani, na huyu anahitaji kuushika. Atachafuka, na mkeka utafuliwa.

## Watu, ofisi na fedha

14. Ni ofisi gani zinazopaswa kutusaidia nchini Tanzania, na fedha zinatoka wapi?

Mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii, anayepatikana katika halmashauri na katika hospitali kubwa. Yeye ndiye anayeandika barua za msamaha wa gharama, anayeunganisha familia na misaada ya vifaa na usafiri, na anayeingilia kati pale mtoto anapofichwa au mama anapofukuzwa. Mlango wa pili ni serikali ya mtaa au kijiji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inaelekeza kuwe na kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi hiyo, kwa hiyo dai jina la mwanao liandikwe. Mlango wa tatu ni afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye wazazi humsahau mpaka mtoto afikishe umri wa shule, ilhali yeye ndiye anayejua ni shule gani ina mwalimu wa wasioona.

Kaya yenye kipato duni iulize kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Vikundi vya wanawake vinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mkopo ni deni, kwa hiyo uchukuliwe kwa ajili ya biashara, usichukuliwe kwa ajili ya nauli ya hospitali.

Nunua faili la plastiki. Ndani yake weka kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ripoti za daktari na barua ya serikali ya mtaa, na nakala 3 za kila kimoja. Andika nyuma ya faili tarehe uliyokwenda, ofisi uliyofika na cheo cha aliyekuhudumia. Ukipigwa danadana, orodha hiyo ndiyo itakayokusemea kwa mkubwa wake.

15. Na kwa Kenya?

Mtoto hupimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na kupewa kadi. Usisubiri akue ndipo umsajili. Kwa masomo na malezi ya mapema kuna vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa kuanzia 1984 na vinavyofuata mipaka ya utawala wa elimu. Hupokea watoto wadogo pia. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hufanya tathmini. Jumuiya ya Wasioona ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1956, ni mahali pa kuuliza kuhusu vifaa. Kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zinaweza kuombewa fedha za Inua Jamii kupitia afisa wa ustawi.

16. Nitawapata wapi wazazi wenzangu na watu wazima wasioona?

Wazazi wenzako wako kwenye benchi la kliniki ya macho ya watoto, siku yako ya marudio. Omba namba za simu palepale kabla hamjatawanyika. Vikundi vingi tunavyovijua vilianza na akina mama 3 waliokuwa wakisubiri dawa ya matone. Watu wazima wasioona utawapata kupitia Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), chenye matawi mikoani, na kupitia ZANAB kwa Zanzibar. Shirikisho la SHIVYAWATA huunganisha vyama vya ulemavu vya aina zote.

Tunasisitiza sana kukutana na mtu mzima asiyeona. Siku mwalimu asiyeona alipokuja kwetu, akavua viatu mlangoni, akauliza choo kiko upande gani, akaenda mwenyewe na kurudi na kukaa kwenye kiti chake, mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kazi na shule, maswali ambayo hakuwahi kuyauliza kwa daktari yeyote.

## Kuelekea shule

17. Je, apelekwe bweni mapema ili azoee?

Shule nzuri zipo: Buigiri mkoani Dodoma, Irente wilayani Lushoto, Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ambako wasioona husoma pamoja na wenzao, na kwa Kenya, Thika, iliyoanza 1946, na Likoni mjini Mombasa. Hata hivyo bweni si la mtoto mchanga, na maoni yetu ni kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji zaidi mtu anayempenda kuliko mashine ya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Kabla ya shule ajifunze kula, kujisaidia, kuvaa, kuijua nyumba yake kwa mikono, na kutuma sauti yake kumwita mtu. Mtoto aliyefichwa ndani akifika shuleni huanza na hayo akiwa na miaka 8, na wenzake wanamtangulia.

Maandalizi ya nukta nundu yanaanza mapema bila kifaa chochote. Kuchambua mchele na maharage, kutofautisha vifungo, kufungua maganda ya karanga, vyote vinafundisha ncha za vidole kazi ambayo baadaye zitaifanya juu ya karatasi.

## Hali za pekee

18. Mtoto wetu ana ualbino. Maswali haya yanamhusu?

Yanamhusu sana, kwa sababu karibu kila mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu; macho hucheza na kuumizwa na mwanga, na miwani husaidia bila kumaliza tatizo. Akisogeza kitu karibu na uso mwache, ndivyo anavyoona. Wengi wao husoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa, kwa hiyo usikubali apangiwe nukta nundu kabla hajapimwa uoni. Ngozi yake ilindwe tangu siku za mwanzo kwa kofia pana, mikono mirefu na kivuli, na baadaye kwa mafuta ya kuzuia jua, kwa ushauri wa kliniki ya ngozi. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa KCMC, Moshi. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania ndicho cha kuwasiliana nacho kuhusu mafuta na usalama wa mtoto.

19. Macho yamepimwa ni mazima, lakini mtoto haoni. Inawezekanaje?

Inawezekana pale tatizo linapokuwa katika ubongo unaopokea picha, jambo linalotokea hasa kwa watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa au waliougua homa ya uti wa mgongo. Uoni wao hubadilika: asubuhi ameuona mpira, jioni akiwa amechoka hauoni, na watu humdhania anajifanya. Uoni huu unaweza kuimarika kwa miaka, iwapo vitu na kelele vinavyomzunguka vitapunguzwa. Mwondolee kelele, zima redio, tandika shuka lisilo na maua, umwonyeshe kitu kimoja chenye rangi moja kali, ukisogeze kidogo, kisha ungoje. Huenda akageuza uso kabla ya kunyoosha mkono. Huko ni kushughulika na alichokiona. Ngoja tena.

20. Tunahofu hasikii pia. Tufanyeje?

Apimwe masikio kabla ya miezi 6 iwezekanavyo, hasa kama mama alipata rubela. Asiyeona na asiyesikia hufikiwa kwa ngozi: alama za kugusa zilizoelezwa katika swali la 11 ndizo zitakazokuwa lugha yake ya kwanza, kwa hiyo ziwe zilezile kwa kila mtu nyumbani. Shirika la Sense International hufanya kazi na watoto wa namna hii katika Tanzania, Kenya na Uganda. Mpaka mpate mtaalamu, kila anayeingia chumbani amguse mtoto mkononi kwa alama yake, na kila anayeondoka amgusishe alama ya kuaga, asiachwe kamwe akidhani bado kuna mtu kando yake.